Dakika Nne za Holorani

Jumatano moja ya Agosti 1972, saa kumi jioni, Nicodemus Khisa alikuwa amesimama mlangoni mwa hoteli ya chai ya Wachuka mtaani Bondeni, Nakuru, kikombe mkononi. Viti vilikuwepo, lakini Khisa hakuwa mtu wa viti. Alikuwa na umri wa miaka thelathini, na kwa miaka kumi alikuwa akiendesha mashine katika sinema ya Jubilii, ambako kila baada ya dakika ishirini mtu hulazimika kuinuka na kubadilisha mkanda. Mwili wake ulikuwa umeshazoea. Hata kanisani, mahubiri yakipita dakika ishirini, aliinuka, akaenda mpaka mlangoni, kisha akarudi akiwa na haya.

"Khisa, kaa chini bwana," alisema Kiprugut, karani wa ghala la nafaka. "Watu watadhani umekuja kukamata mtu."

"Niko sawa."

"Uko sawa na unatembea! Hata Holorani alikuwa anashuka kwa farasi mara moja moja."

Watu walicheka, maana hapo kwa Wachuka kila Jumatano hapakuzungumzwa jambo jingine. Holorani ndivyo Nakuru ilivyomwita Wade Holloran, Mmarekani mrefu mwenye taya pana aliyeigiza wachunga ng'ombe wenye bastola. Picha zake zilianza kufika mjini kabla ya uhuru. Sasa alikuwa mzee huko kwao na hakuigiza tena, lakini kwa Wachuka alikuwa bado kijana. Walibishana juu ya kovu lililokuwa chini ya sikio lake. Walibishana kama ni kweli baba yake alikuwa mwoka mikate, na kama ni kweli kwamba yeye mwenyewe aliogopa farasi, hata kila akishuka magoti yalimtetemeka.

"Ndiyo maana hawaonyeshi miguu yake akishuka," alisema Wachuka akigeuza mandazi.

"Uongo! Nani amesema?"

"Adero amesema."

Hapo ubishi uliisha. Sabina Adero alifanya kazi katika eksichenji ya simu ya Nakuru, na neno lake juu ya Holorani lilikuwa la mwisho. Alikuwa amesoma kila gazeti la sinema lililopita mikononi mwa watu mjini. Alikuwa pia amemwandikia Holorani barua Marekani, na baada ya miezi kumi na minne ikarudi bahasha yenye picha ya steringi huyo, shujaa wa sinema, na juu ya picha sahihi ya wino wa buluu. Aliihifadhi ndani ya kitabu chake cha nyimbo, akatembea nayo kila mahali.

Adero mwenyewe aliingia wakati huo, bado amevaa sweta ya kazini. Hakuketi kwanza. Alipiga meza kwa kiganja.

"Jumapili tunapata mgeni. Zeddy anakuja."

"Zeddy gani?"

"Yule wa eksichenji ya Nairobi. Leo laini ilikuwa kimya, tukaanza kuongea juu ya Picha ya Chumvi. Mnajua ameniambia nini? Eti mwisho wa picha, Holorani anakufa."

Vicheko vilipasuka mpaka wapita njia wakachungulia. Kiprugut alijipiga paja. "Steringi? Afe? Nairobi wanakunywa maji gani siku hizi?"

"Steringi hafi!" alisema Wachuka kwa ukali, kama mtu aliyetukaniwa ndugu.

"Nikamwambia nimeiona mara kumi na moja," Adero aliendelea. "Nimemwona kwa macho yangu akienda zake, juu ya farasi, peke yake, kule kwenye chumvi nyeupe mpaka akawa kama nukta. Akanicheka. Anasema atakuja na gazeti lenye picha ya maiti. Nikamwambia lete! Na kama nimekosea, utarudi Nairobi na picha yangu yenye sahihi, nitakupa mbele ya watu wote wa kwa Wachuka."

"Picha yako?" Wachuka aliacha mandazi. "Adero, si ile picha."

"Ile ile. Gilgil na Naivasha walikuwa kwenye laini, wamesikia wote. Siwezi kurudi nyuma. Na kwa nini nirudi nyuma? Khisa, wewe ndiye ulituonyesha. Waambie."

Wote walimgeukia. Khisa alijaribu kuweka kikombe kwenye ubao wa dirisha, akaukosa, kikavunjika sakafuni.

"Mkanda unaanza saa kumi na moja," alisema, akatoka. Ilikuwa bado saa kumi na robo.

Khisa alizaliwa Nakuru, katika nyumba za reli, ambako baba yake, mtu wa Kimilili, alikuwa mchochea moto wa garimoshi. Alipomaliza darasa la nane alipata kazi ya kufagia Jubilii, sinema ya Bwana Yusufali. Fundi wa mashine, Mzee Joginder, alimwona anavyokawia karibu na mlango wa chumba cha juu, akamwita ndani. Alimfundisha kushika filamu kwa kingo tu bila kugusa picha, kusikiliza mashine kabla haijaharibika, na kuunga mkanda uliokatika: kata kwa wembe, kwangua, paka gundi, bana, hesabu hadi kumi. Akamfundisha sheria moja iliyozidi zote. "Sisi si wenye picha," alisema Joginder. "Sisi ni kama posta. Barua ikija ndefu, unapeleka ndefu. Ikija mbaya, unapeleka mbaya."

Mwaka 1966 Picha ya Chumvi ilifika Nakuru. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu, lakini watu waliiita hivyo kwa sababu ya uwanda wa chumvi uliofanana na kingo za ziwa letu wakati wa kiangazi, na wako walioapa kuwa ilipigwa Elmenteita. Wiki hiyo Joginder alikuwa Kisumu kwenye arusi ya mpwa wake. Khisa, akiwa na miaka ishirini na minne, aliachiwa mashine peke yake kwa mara ya kwanza.

Onyesho la Ijumaa lilikwenda vizuri mpaka mwisho. Kisha Holorani akapigwa risasi mgongoni, akaanguka kwenye chumvi, akafa. Watu wa mabenchi ya mbele hawakuamini. Walikuwa wamekuja na sheria yao, na sheria hiyo ilisema steringi hafi. Walipiga mayowe wakidai picha irudishwe nyuma. Iliposhindikana walirusha chupa mbele na nyuma, zikapasua pazia la sinema kutoka pembe hadi pembe, na mzee mmoja aliyeketi nyuma akajeruhiwa kichwani. Bwana Yusufali alikaa ngazini akiwa ameshika pazia lililoraruka. "Kesho iko watu kama hawa tena," alisema, "mimi nafunga hii mlango. Kabisa."

Asubuhi ya Jumamosi, bila kumwambia mtu, Khisa alikata dakika nne za mwisho kwa wembe. Kutoka mkanda wa kwanza akakata kipande ambacho Holorani anapita kwenye chumvi, mgongo kwetu, akielekea milimani. Akakiunga mwisho. Siku hiyo jioni, pazia likiwa limeshonwa, watu walisimama juu ya mabenchi wakapiga makofi, na kwenye ngazi walimbeba mtu mmoja aliyefanana kidogo na Holorani. Khisa aliwatazama kupitia tundu la chumba cha mashine, na hakuwahi kujisikia hivyo maishani. Wa Ijumaa walioendelea kusema kwamba alikufa walichekwa na kuambiwa walikuwa wamelewa, na Bwana Yusufali, ambaye hakutazama picha, aliona utulivu tu.

Alikusudia kurudisha kipande kabla mikebe ya filamu haijaondoka. Lakini gari la kuichukua lilifika Jumatatu asubuhi badala ya jioni, na dereva alikuwa na haraka. Dakika nne zilibaki Nakuru, zimezungushwa ndani ya mkebe wa biskuti. Nchini zilikuwepo kopi mbili za picha hiyo: moja ya Nairobi na pwani, nyingine ya miji ya bara. Hiyo ya bara ilizunguka Naivasha, Gilgil, Nakuru na Eldoret bila kifo, ikarudi Jubilii mara mbili zaidi, mpaka ikachakaa na kutupwa. Joginder alirudi, akastaafu, akahamia kwa wanawe bila kujua. Bonde zima lilikuwa limekubaliana kwamba Holorani yu hai, na ni mtu mmoja tu aliyejua sababu.

Usiku wa Jumatano ile Khisa hakulala vizuri, na Alhamisi asubuhi alikuwa mbele ya eksichenji kabla ya saa tatu. Alimwambia askari wa mlangoni amwite Adero. Adero alitoka mbio.

"Kuna mtu amekufa?"

"Hapana."

"Basi nini? Nimeacha Kericho inaning'inia."

Khisa alitazama viatu vyake. "Nilitaka kuuliza. Holorani alikuwa na urefu gani?"

Adero alimkazia macho. "Futi sita na inchi moja, bila viatu. Umetoka kwako mpaka hapa kuniuliza hiyo?"

"Ndiyo."

"Wewe unahitaji mke," alisema, akarudi ndani.

Ijumaa alitembea. Alizunguka stesheni, akapanda mpaka mtaa wa Section 58, akashuka tena hadi mahali ambapo upepo wa ziwa huleta vumbi jeupe na kulijaza machoni. Alifikiria kuchoma kile kipande, akaona hakutasaidia kitu, kwa kuwa gazeti la Zeddy halingeungua nacho. Alifikiria kunyamaza na kumwachia Adero aibu ya Jumapili, mambo yangepita. Lakini kila alipofika hapo katika mawazo yake, alimwona Adero akifungua kitabu cha nyimbo mbele ya watu, na mgeni kutoka Nairobi akinyoosha mkono. Akisema kweli, Yusufali angemfukuza, maana kampuni iliyokodisha filamu haikuruhusu mtu kukata hata inchi. Akisema kweli, pia, Adero angejua Khisa alikuwa mtu wa namna gani.

Jumamosi saa nne asubuhi alirudi eksichenji, safari hii bila kutazama viatu.

"Ukitoka zamu, njoo Jubilii," alisema. "Kabla ya watu. Kuna kitu lazima ukione leo."

Adero alifika saa sita, mkoba begani. Jumba lilikuwa tupu na lilinuka maganda ya karanga. Khisa alimpandisha mpaka chumba cha mashine, mahali ambapo Adero hakuwahi kufika, na kabla hajaketi akamwambia yote, haraka, akitembea hatua tatu kwenda na tatu kurudi, kwa sababu chumba hakikuwa na nafasi ya hatua ya nne.

Adero alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kile kitambaa."

"Kitambaa gani?"

"Cha shingoni, cha buluu. Katikati ya picha anampa yule mjane. Mwisho anacho tena. Watu wameniuliza miaka sita, Khisa. Nimewaambia alikuwa nacho kingine mfukoni. Nimemwambia Kiprugut alikinunua dukani, kuna mahali dukani panaonekana. Nilitafuta mpaka nikakipata kwenye rafu!" Sauti yake ilipanda. "Kumbe ni mkanda wa kwanza."

"Ndiyo. Alikuwa hajampa bado."

"Mara kumi na moja nimekaa pale chini. Na wewe uko hapa juu, kwenye hili tundu, unanitazama nikifurahi kama mjinga."

"Sikukuona kama mjinga."

"Uliniona kama nini?"

Khisa aliwasha taa ya mashine. "Niliwatazama ninyi kuliko nilivyotazama picha," alisema hatimaye. "Hiyo ndiyo kweli yake."

"Weka," alisema Adero. "Weka nione."

Alishuka akaketi benchi la mbele kabisa, peke yake katika jumba zima. Dakika nne zikapita. Risasi ilitoka kusikoonekana. Holorani aliteleza polepole kutoka kwenye tandiko, akalala juu ya chumvi, kofia ikaendelea kubingirika kidogo kwa upepo. Mtu aliyempenda kama ndugu akapiga magoti kando yake. Holorani akasema maneno machache kwa Kiingereza: mpeni farasi maji kwanza. Kisha akatulia.

"Tena," Adero aliita kutoka chini, bila kugeuka.

Khisa alimwonyesha tena. Aliposhuka, Adero alikuwa amesimama mlangoni, mkoba ameushika kwa mikono miwili.

"Bado unaweza kumpigia Zeddy," Khisa alisema. "Mwambie una homa. Mwambie asije."

"Usiniambie la kufanya."

"Au mwambie ni mimi."

"Khisa, nimesema usiniambie la kufanya." Akatoka kwenye jua la saa sita, akaenda bila kuaga.

Jumapili baada ya ibada hoteli ya Wachuka ilijaa mpaka watu wakakaa nje juu ya kreti za soda. Zeddy alikuwa msichana mdogo kuliko sauti yake, mwembamba, mwenye miwani, na alisalimu kila mtu kwa mkono kama mgeni wa harambee. Gazeti lilikuwa kwapani. Kiprugut alimkaribisha kwa heshima ya mwindaji anayeona mtego umetegwa vizuri.

"Karibu, dada. Tumekuwekea chai ya maziwa mengi, ukishindwa usiseme ulikuwa na njaa."

"Asante, kaka. Nikishinda nitakunywa mbili."

"Haya! Ana mdomo huyu!"

Khisa alikuwa amesimama karibu na jiko. Alikuwa ameshatoka na kuingia mara tano. Hakujua Adero angesema nini, na Adero, aliyeketi kichwani mwa meza, hakumtazama hata mara moja.

"Basi," Zeddy alisema, akiweka gazeti mezani bila kulifungua. "Dada Adero, rudia uliyosema kwenye laini."

Wachuka alikuwa ameanza kutabasamu.

"Nilisema Holorani hafi katika Picha ya Chumvi," Adero alisema. "Nilikosea. Anakufa. Anapigwa mgongoni, anaanguka upande wa kulia wa farasi, na anasema farasi apewe maji kwanza. Huna haja ya kufungua gazeti."

Alifungua kitabu cha nyimbo, akatoa ile picha, akaisukuma mezani.

Kisha Kiprugut alisimama mpaka kiti chake kikaanguka. "Adero! Unauza Nakuru? Mchana? Amekupa nini huyu?"

"Hakunipa kitu. Niliahidi, ninatoa."

"Lakini tulimwona! Sisi wote! Akienda!"

"Na mimi nilimwona. Nimekosea, Kiprugut. Kaa."

"Sikai!"

"Hakukosea," alisema Khisa.

Alisema polepole, na watu wa nje wakauliza wa ndani kumesemwa nini. Akarudia kwa nguvu. "Adero hakukosea. Alichokiona ndicho kilichokuwepo. Mimi nilikata mwisho. Nilikata kwa wembe mwaka sitini na sita, baada ya zile chupa, nikaweka kipande cha mwanzo mahali pake. Ninyi nyote mmeona kazi ya mkono wangu. Ile ya Nairobi ndiyo picha yenyewe."

Kelele iliyofuata haikuwa ya mtu mmoja. Wako waliomwita mwongo, na wako waliomwita mwizi. Mwanamume mmoja aliyekuwepo Ijumaa ile ya chupa alisema, "Nilijua! Nilijua niliona kitu, mkaniambia nilikuwa nimelewa!" Wachuka alikuwa akilia na kucheka pamoja, akimpiga Khisa mgongoni kwa kitambaa cha sahani, wala haikujulikana kama anampongeza au anampiga kweli.

"Miaka sita!" Kiprugut alinguruma. "Miaka sita nimepigania mtu aliyekufa!"

Katikati ya ghasia hiyo Zeddy alikuwa ameinamia ile picha. Aligusa sahihi kwa ncha ya kidole, kisha akaisukuma kurudi kwa Adero.

"Sichukui."

"Chukua. Ahadi ni ahadi."

"Dada, mimi niliiona nikiwa darasa la sita. Nililia siku tatu, mama akanipeleka zahanati akidhani ni malaria." Alivua miwani akaifuta. "Kwa hiyo huku kwenu alienda?"

"Alienda," Adero alisema.

"Na iko wapi hiyo? Naweza kuiona?"

Khisa alitikisa kichwa. "Kopi ya bara ilichakaa. Ilitupwa."

"Basi picha baki nayo, na nyinyi mniambie. Alienda namna gani? Msiniache na ile ya kwetu peke yake."

Kisha Wachuka akavuta kiti, akaketi karibu naye. "Kwanza alinyamaza," alisema. "Akageuza farasi, hivi, taratibu."

"Si taratibu," Kiprugut alimkatiza, bado amekasirika. "Alimgeuza mara moja. Kushoto."

"Kulia!"

"Kushoto, mama, nilikuwa benchi la mbele! Halafu hakuangalia nyuma. Huo ndio uanaume, hakuangalia nyuma hata kidogo."

"Kwa sababu pale ni mwanzo wa picha, alikuwa hajui bado kitakachompata," Adero alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamtazama Khisa. Hakutabasamu. Lakini alisogeza picha yake kando, mbali na vikombe, akamgeukia Zeddy. "Ngoja nikueleze mimi. Jua lilikuwa upande huu."

Khisa alisikiliza kidogo. Nje, wawili kati ya waliokuwa juu ya kreti walikuwa wameshaondoka, wakienda kwa haraka kuelekea mjini, wamebeba habari midomoni. Bwana Yusufali alikuwa na desturi ya kukaa barazani kwake Jumapili mchana, na njia ya kwenda kwake ilikuwa hiyo hiyo waliyoshika. Khisa alijikuta ameshika aproni ya Wachuka aliyokuwa akijifutia mikono bila kujua, akaitundika mlangoni, akatoka mbio ili awapite kabla hawajafika kwenye reli, Yusufali asikie kwanza kutoka kwake.